Habari za Tarishi Mstaafu na Vita Vyake na Kuvu

Kaeni vizuri. Wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, usituzibie mwanga. Na wewe unayetafuna, tafuna upesi umeze, kwa maana habari ninayoifungua leo haisikiki vyema mdomo ukiwa umejaa. Mmesimuliwa mengi juu ya wafalme waliobomoa ngome na majemadari waliolaza majeshi, mkapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Haya, heri yao. Leo mtasikia ya mtu aliyeingia peke yake, kitambaa mkononi, ndani ya gereji yenye unyevu, akamkabili adui asiye na mguu wala mkono wala aibu, na kiti cha pikipiki kikakauka. Nikimaliza mtaniambia wenyewe kama hao wenye ngome walifanya zaidi.

Shujaa wetu alikuwa tarishi. Miaka thelathini, masika na kiangazi, alipeleka barua za watu kwa pikipiki nyekundu yenye mfuko wa ngozi ubavuni, na katika miaka hiyo yote hakupoteza hata bahasha moja. Mbwa wa mitaa saba waliujua mlio wake, wakamfukuza kwa heshima. Siku aliyostaafu, ofisi ilimpa mkono wa kwaheri, soda moja, na ile pikipiki, iliyokuwa imezeeka pamoja naye. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu tangu hapo. Tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia mlangoni, lakini masharubu yake yalisimama vilevile, na mtaa mzima ulimwita Tarishi, kana kwamba kesho angeamka aende kazini. Na tumwite hivyo hivyo, tukiongeza alichostahili: Tarishi Asiyechelewa, Simba wa Anwani, Mbisha Hodi wa Milango Elfu.

Tena lipo jambo moja la ujana wake ambalo lazima mlijue, maana bila hilo mtasema mzee huyu alikuwa anagombania chuma. Mwaka wa kwanza wa kazi yake, vifurushi sita vya uzi vilifika siku moja, vyote vya karakana moja ya ushonaji. Tarishi akapeleka cha kwanza, akamwona msichana mwanafunzi wa ushonaji akitia sahihi huku sindano imebanwa midomoni, na palepale akaamua kwamba vifurushi vitano vilivyobaki havijafika. Kesho yake akapeleka kimoja. Kesho kutwa kimoja. Siku sita mfululizo, kifurushi kimoja kwa siku, akifuta vumbi kwenye tangi la mafuta kabla ya kukata kona. Huyo msichana ndiye mkewe, mama wa watoto wake wawili, na katika miaka yote ya ndoa yao Tarishi hakuwahi kuitoboa siri hiyo, kwa sababu tarishi kuchelewesha mzigo kwa makusudi ni dhambi isiyo na kafara.

Basi mkewe. Naye alikuwa fundi cherehani, mwenye jina mtaani kote: Malkia wa Sindano, Mkata Suti kwa Jicho, mwanamke ambaye akikutazama unajua nguo yako imependeza wapi na imekosea wapi. Mumewe alinena kwa mafumbo na nahau. Yeye aliongea kama anavyokata uzi.

Na gereji? Lo! Ilikuwa nyuma ya nyumba, haijaona gari tangu ijengwe. Ukuta mmoja iligawana na bafu. Sakafu yake ilikuwa chini kuliko ua, kiasi kwamba maji yoyote yaliyokosa pa kwenda yaliingia humo bila hodi. Dirisha lilikuwa moja, nalo limepigiliwa mbao. Humo ndimo Tarishi alimoihifadhi pikipiki yake, chini ya blanketi zito, na juu ya blanketi turubai, na juu ya turubai kamba iliyofungwa mafundo manne. Na kila Jumapili aliifungua, akaiosha kwa sabuni na ndoo mbili za maji kama mtoto mchanga, akaifunika tena, akafunga mafundo yake manne, akarudi ndani roho imetulia. Mwaka mzima wa mwisho hakuwa ameiwasha. Alikuwa akiitunza tu.

Ikawa asubuhi ya Jumatatu, baada ya wiki tatu za mvua, gereji imejaa maji hata Jumapili tatu zikapita bila pikipiki kufunguliwa, Malkia wa Sindano akaingia gerejini kutafuta beseni. Akainua pembe ya turubai. Akaishusha. Akarudi mezani, mumewe akiwa anakoroga chai kwa kijiko.

“Baba watoto,” akasema, “pikipiki yako imeota ndevu.”

Tarishi akatoka mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni. Akafungua mafundo, akavua turubai, akavua blanketi, na yale aliyoyaona, enyi wasikizi, ulimi wangu unasita. Kuvu! Kuvu nyeupe ilikuwa imepiga kambi juu ya kiti kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuvu ya kijani ilikuwa imeuteka mfuko wa barua, ikapandisha bendera kwenye kifuniko. Vikosi vidogo vidogo vya madoa meusi vilikuwa vinapanda vishikio vya usukani, na harufu yake ilikuwa ile ya soksi iliyosahaulika. Tarishi akasimama, kijiko cha chai bado mkononi, akakosa neno. Yeye! Kukosa neno!

Mkewe akaja nyuma yake, akaegemea mlango. “Sasa sikia. Mimi nimechoka kushonea ukumbini, wateja wanakanyaga vitambaa vyangu. Jumamosi saa sita mchana nitakuja na kitambaa cheupe, nitasugua pikipiki hii popote ninapotaka. Kikitoka kisafi, inakaa. Kikitoka na kuvu, mnunuzi wa vyuma chakavu anaipakia, na gereji inakuwa chumba changu cha cherehani.”

Hapo Tarishi akapata sauti. Akajinyoosha, akainua kijiko juu. “Ewe mwandani wangu! Wamtaka nani, mnunuzi wa vyuma? Alaze mikono yake juu ya farasi huyu aliyenibeba miaka thelathini, asiyewahi kuniangusha ila mara mbili, na zote mbili ilikuwa matope? Naapa kwa kila mlango niliobisha hodi, Jumamosi saa sita kitambaa chako kitatoka cheupe kuliko kilivyoingia! Na kuvu hii, na ukoo wake wote, na wajukuu zake watakaozaliwa...”

“Chai inapoa,” akasema mkewe, akaondoka na beseni.

Jumanne alfajiri vita vikaanza. Tarishi aliingia na ndoo mbili, sabuni, na hasira. Alisugua tangi, akasugua kiti, akasugua madigadi, akaimwagia pikipiki maji mpaka gereji ikawa bwawa, na majeshi ya adui yakaporomoka yakielea. Adhuhuri palikuwa pametakata. Akacheka peke yake. Akaifunika kwa blanketi, juu yake turubai, mafundo manne, akaenda kula kwa hamu ya mshindi.

Alhamisi akaenda kutembelea ushindi wake. Akafungua. Kuvu ilikuwa imerudi, tena haikurudi peke yake, ilikuja na shemeji zake. Pale palipokuwa na doa moja palikuwa na matatu, na mfuko wa barua ulikuwa na manyoya, hata unaweza kuuchana kwa kitana. Tarishi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikaa hapo muda mrefu, na nitawaambia alichokuwa anakiwaza, maana alimwambia kinyozi baadaye na kinyozi hana siri. Aliwaza kwamba miaka thelathini watu walimngoja. Walisimama vizingitini wakichungulia barabara, na mlio wa pikipiki ile ukisikika, mtu fulani mahali fulani alijipangusa mikono akatoka nje. Siku hizi hakuna aliyemngoja. Pikipiki ikipakiwa kwenye mkokoteni, nani atajua kwamba kulikuwa na mtu aliyengojewa? Iliuma. Iliuma kweli kweli, na hapo msicheke.

Ijumaa asubuhi akaenda kwa kinyozi, jirani wa nyumba ya pili, bingwa wa ushauri usioombwa, kutafuta brashi ndogo. Kinyozi alimsikiliza, mkasi ukilialia juu ya kichwa cha mteja.

“Tarishi, wewe unajitesa,” akasema. “Brashi nitakupa. Lakini chukua na poda hii. Kitambaa chake si cheupe? Poda si nyeupe? Ukipaka kiti poda kidogo, kitambaa kitaingia cheupe kitoke cheupe. Kazi imekwisha, na pikipiki inanukia.”

Ndugu zangu, mashujaa wengi wamezama kwenye kina kifupi kuliko hicho. Tarishi alilitazama kopo la poda. Mkono wake ukasogea, nusu inchi, mimi simfichii. Kisha ukarudi.

“Rafiki yangu,” akanena, “nimewahi kumdanganya mke wangu mara moja maishani, katika jambo dogo la vifurushi. Mzigo huo nimeubeba miaka zaidi ya thelathini. Sina mgongo wa kubeba wa pili.”

“Vifurushi gani?” kinyozi akauliza, mkasi ukasimama. Hata mteja akageuka. Lakini Tarishi alikwisha chukua brashi akatoka.

Mchana ule akafanya shambulio la pili, kali kuliko la kwanza. Maji ya moto safari hii. Sabuni maradufu. Alisugua mpaka masharubu yakalegea kwa mvuke, na adui akakimbia tena. Na ndipo, maji bado yakichuruzika kwenye kiti, alipochukua blanketi lake na kuanza kuifunika, polepole, kwa upendo, akikunja pembe. Mkewe alikuwa anapita na nguo za kuanika. Akasimama.

“Unafanya nini?”

“Naikinga na unyevu.”

“Imekauka?”

“Itakaukia humo ndani, kwenye joto la blanketi.”

Malkia wa Sindano akaweka beseni chini. “Baba watoto. Kila Jumapili unaiosha, kisha unaifunika hivyo hivyo, mbichi?”

“Kila Jumapili,” Tarishi akajibu kwa fahari, “bila kukosa hata moja, ila hizi tatu za mvua.”

“Mimi nimeshona tangu ujana wangu. Unajua kitu cha kwanza nilichofundishwa, kabla hata ya kushika mkasi? Nguo haikunjwi mbichi. Ukikunja mbichi, hata uiweke kwenye sanduku la dhahabu, inaota kuvu.” Akalishika blanketi, akalikamua pembe, maji yakadondoka kwenye kandambili za shujaa. “Si mvua hii. Si ukuta wa bafu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Umekuwa ukiifuga mwenyewe, kila Jumapili, na unailisha sabuni.”

Tarishi alitazama blanketi, akatazama kamba yake yenye mafundo manne, akatazama mikono yake miwili. Jemadari aliyepigana wiki nzima akagundua kwamba ndiye aliyekuwa akimfungulia adui lango, akimtandikia kitanda, na kumtilia chumvi kwenye mchuzi.

“Mama watoto,” akasema, na safari hii hakunena, alisema tu, “sasa nifanye nini?”

“Mimi sikusaidii, mimi ndiye mshitaki. Ila nikiongea peke yangu siwezi kukuzuia kusikia.” Akaokota beseni. “Jua. Na siki, siyo maji. Unafuta kwa siki, unaiacha ikae, unasugua, halafu unaiacha juani mpaka ikauke kabisa. Na ujifunge kitambaa puani, vumbi lake si zuri kifuani. Chupa ya siki iko juu ya kabati, nyuma ya unga. Sijasema kitu.”

Jumamosi jua lilitoka. Sijui nani alimwombea. Lilitoka zito na la manjano baada ya wiki tatu za mawingu, na Tarishi, amejifunga kitambaa puani mpaka majirani wakadhani amekuja kuwaibia, akaisukuma pikipiki kutoka gerejini mpaka katikati ya ua. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kwa pikipiki kuona mbingu. Turubai na blanketi akavitupa ukutani.

Kisha akachovya kitambaa kingine kwenye siki, akaingia vitani. Alianza na kiti, akafuta kutoka mbele kwenda nyuma bila huruma, na pale siki ilipopita kuvu ililegea ikakubali. Brashi ya kinyozi ikaingia kwenye mishono, kwenye mapezi ya injini, chini ya taa, nyuma ya sahani ya namba, mahali ambapo adui alidhani hapafikiki. Vishikio vikasalimu amri saa tatu. Madigadi saa nne kasoro robo. Lakini mfuko wa barua, ah, mfuko ulikuwa ngome yenyewe! Alifuta, akasugua, akaanika, bado kijani. Akarudia. Bado. Mara ya tatu aliugeuza ndani nje, akakuta adui amejificha kwenye kona ya chini, palepale zilipokuwa zikikaa barua za watu wa mwisho wa njia, na hapo akamnyunyizia siki yote iliyobaki huku akinguruma jina la kila mtaa aliowahi kuhudumia. Saa tano na nusu ngozi ilikuwa kavu, hudhurungi, yenye kovu moja la rangi lakini hai.

Saa sita kasoro robo lango likagongwa. Alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, mtu mnene mchangamfu ambaye Tarishi alimwita moyoni Mfalme wa Kutu. Nyuma yake, kinyozi, aliyeacha mteja nusu kichwa ili aone mwisho wa mambo.

“Hodi wenyewe!” akasema Mfalme wa Kutu, akaizunguka pikipiki mara moja, akaligonga tangi kwa kidole. “Chuma kizuri. Zamani walikuwa hawabanii chuma.”

“Ondoa kidole chako,” Tarishi akanena kutoka nyuma ya kitambaa chake, “kabla sijakipeleka kwa njia ya posta.”

Saa sita kamili, Malkia wa Sindano akatoka ndani. Alikuwa amevaa gauni lake jeupe la kutokea, lile analolivaa mara mbili kwa mwaka, na mkononi alikuwa na kipande cha bafta, kipya, cheupe pe. Akasugua kiti, akainua kitambaa juani: cheupe. Akasugua vishikio: cheupe. Akaingiza mkono ndani ya mfuko wa barua mpaka kwenye kiwiko, akasugua zile kona za chini. Cheupe. Kisha akainama, akapitisha bafta chini ya kiti, nyuma, karibu na mnyororo, akaitoa. Doa. Jeusi, kubwa kama kitufe cha koti.

Mfalme wa Kutu akashika mkokoteni wake. Kinyozi akasema “Lahaula!” Tarishi aliteremsha kitambaa puani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika na barua akakuta nyumba imehamwa.

Mkewe akaisogeza bafta karibu na pua yake. Akanusa. Akanusa tena, maana fundi wa vitambaa anajua kuvu kwa pua hata usiku wa giza.

“Grisi,” akasema. “Hii ni grisi ya mnyororo. Grisi haikuwa kwenye makubaliano.”

Kelele zilizopigwa hapo na kinyozi zilimfanya mteja wake nusu kichwa achungulie kutoka nyumba ya pili. Tarishi hakupiga kelele. Masharubu yake yalikuwa yanatikisika.

“Kwa hiyo inakaa,” akasema. “Na chumba chako cha cherehani?”

“Chumba gani?” Malkia wa Sindano akakunja bafta yake. “Mimi, na akili zangu, niweke vitambaa vya watu kwenye gereji inayotoka maji ukutani? Wewe kweli uliamini? Sikutaka iuzwe. Nilitaka itoke. Miaka mitatu umeifunika, na wewe umejifunika humo humo, Jumapili hadi Jumapili. Nimechoka kukuona hivyo.” Akashika gauni lake jeupe, akaliinua kidogo, akakaa juu ya kiti cha nyuma, upande, kama alivyokuwa akikaa zamani. “Haya. Twende.”

Tarishi akapanda. Akapiga kiki. Kimya. Akapiga ya pili, ya tatu, ya saba; injini ikakohoa kama mzee anayekataa kuamshwa, ikalala. Ndipo Mfalme wa Kutu, adui wa jana, alipotema mate viganjani, akauacha mkokoteni wake langoni, akasema, “Mwenzangu kinyozi, tusukume,” nao wawili wakaiinamia pikipiki nyekundu kwa nyuma, wakaitoa langoni, wakaipeleka barabarani, na watoto wa mtaa wakaifuata wakishangilia, na mbwa mmoja mzee, mweupe mdomoni, akanyanyuka kutoka kivulini, akaikimbiza hatua tano kwa kumbukumbu.

Ilisukumwa hatua arobaini, kutoka lango la Tarishi hadi duka la kinyozi. Ziandikwe hizo hatua! Majemadari walivuka majangwa. Huyu alivuka mtaa wake mwenyewe, kavu, mgongo umenyooka, na kwenye vizingiti watu walikuwa wametoka nje wakijipangusa mikono.

Na katikati ya safari hiyo, mkewe alimsogelea sikioni. “Vile vifurushi sita,” akasema, “vyote vilikuwa na muhuri wa tarehe moja.”

Usukani ukayumba. “Ulijua?”

“Tangu cha pili. Nikawa nahesabu. Halafu siku ya saba ukaja mikono mitupu, ukasimama mlangoni, umeishiwa na vifurushi na maneno, na nilikuwa nimekungoja tangu asubuhi.” Akamshika kiunoni. “Tazama mbele, utatuangusha.”